Nakia: alibadilika ao walimufuta?

Wengi kati yetu tunamujua Nakia kupitia filme Black Panther ya mwaka wa 2018. Lupita Nyong'o, binti wa wazazi Wakenya, njo alicheza ile nafasi, na aliicheza muzuri sana. Tuliona mupelelezi mwenye akili na huruma, ambaye hata mufalme anamusikiliza. Kitu wengi hawajue ni kwamba mu BD Nakia alikuwa adui.

Turudie nyuma kidogo. Mu 1998 Christopher Priest alianza kuandika Black Panther, Mark Texeira akichora. Mu kurasa zao Nakia ni musichana mudogo wa Dora Milaje, wale wanaolinda mufalme T'Challa na wanaohesabiwa kama wachumba wake, hata kama yeye anawaona sawa watoto. Siku moja Mephisto, shetani wa zile hadithi, anachezea akili ya mufalme. T'Challa anamubusu Nakia akifikiri ni Monica Lynne, mupenzi wake wa zamani. Kwa mufalme ilikuwa ajali, lakini musichana aliichukua kama ahadi. Wivu ukamushika, akajaribu kumuua Monica, mufalme akamukataa. Kisha Killmonger, adui mukubwa wa T'Challa, njo akamuokota na kumupa nguvu. Akarudia akiwa na jina Malice, na kazi yake ikakuwa kulipiza kisasi.

Sasa muangalie filme. Ryan Coogler aliweka hayo yote pembeni. Nakia wake hana wivu. Tunamukuta mu pori la Sambisa, kule Nigeria, amejificha kati ya wanamuke waliotekwa. T'Challa anataka kupiga mumoja wa wale wenye bunduki, Nakia anamuzuia: huyu ni mutoto tu, naye walimuteka. Kwangu hii njo sehemu ya muzuri kupita zote. Sisi wa Maniema hatuhitaji mutu atuelezee mutoto mwenye bunduki ni nani.

Lakini hapo hapo njo niko na shida. Huyu mwanamuke anayemuombea mutoto huruma, yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuingia mu filme na makosa yake. Ili akuwe shujaa, ilibidi kwanza akuwe hajakosa kitu. Na mufalme pia alipona bure: lile busu lilifutwa pamoja na wivu, basi hakuna mutu wa kumuuliza kitu.

BD zinajua njia ingine. Rogue wa X-Men alitokea mu 1981 akiwa adui, akamuibia Carol Danvers nguvu na kumbukumbu zake. Mu 1983 akaja kugonga mulango wa Profesa Xavier, anaomba musaada. Watu wa nyumba wakakataa, Carol mwenyewe akamupiga ngumi. Xavier akamupokea hata hivyo. Lakini hakuna mutu aliyesema yamekwisha. Rogue alianza kuishi mu nyumba moja na watu wanaokumbuka, na ilibidi aonyeshe kwa matendo kama amebadilika.

Mutu atanijibu: filme ya saa mbili haina nafasi ya hayo yote, na mabinti zetu wanahitaji mufano safi. Kuna ukweli ndani. Tena Nakia wa Priest ana kasoro kubwa: anaharibika juu ya mwanaume tu, sawa vile mwanamuke hana sababu ingine ya kukasirika. Dawa ya kasoro ile ilikuwa kumupa sababu ya kweli, kisha njia ya kurudia. Mu mwaka ule ule wa 2018, Nnedi Okorafor aliandika BD fupi yenye jina Wakanda Forever, na mule Malice yuko bado adui, wenzake wa zamani wa Dora Milaje wanamufuata. Kwa hiyo mwaka mumoja ulitupa Nakia wawili, mumoja safi, mumoja mubaya, na kati yao hakuna daraja.

Juu ya nini inanigusa? Sababu hapa Kindu, kutoka Kasuku mupaka Alunguli, binti akiharibu jina tunamuachia njia mbili tu. Ao anabaki mubaya wa kartie mupaka kufa, ao anaenda mbali, kule hawamujue, anaanza sawa mutu asiyekuwa na jana. Kubaki, kukubali, kutengeneza mbele ya macho ya watu: hiyo njia hatumuonyeshe, na hadithi tunazopenda pia hazimuonyeshe.

Kati yetu kuna wanaoandika, wanaochora, wanaotengeneza filme ndogo kwa telefone. Siku mukiumba mwanamuke mubaya wetu, musimufute. Mumupeleke mbele ya ule aliyemukosea. Na ule aliyekosewa mumuandike pia, mumuachie haki ya kusema hapana.