Sifa za Mkono Mwepesi

Kupandisha gari dogo milima ya Alps wakati wa theluji ni ufundi kamili, na ushahidi upo. Mwaka 1962 na 1963 Erik Carlsson wa Uswidi alishinda Monte Carlo Rally, mashindano ya magari yanayopita milima hiyo, kwa Saab 96, gari ambalo injini yake haikufika hata lita moja. Mwaka 1965, theluji ilipozidi na magari mengi yakaishia njiani, mshindi alikuwa Timo Mäkinen wa Finland kwa Mini Cooper S. Wala si theluji peke yake iliyowatii mabingwa hawa: mwaka 1964 Carlsson huyohuyo alishika nafasi ya pili katika Safari Rally ya Afrika Mashariki, penye vumbi na tope. Anayejua kusikiliza tairi hapotei ardhi inapobadilika.

Siri ya kwanza ni gari lenyewe. Injini imekaa juu ya magurudumu ya mbele, nayo ndiyo yanayovuta, hivyo uzito unayashindilia chini. Tairi nyembamba hukata theluji laini badala ya kuelea juu yake, na mpira wa tairi za baridi hubaki laini hata joto likishuka chini ya nyuzi 7. Siri kubwa, hata hivyo, imo katika mkono na mguu. Mshiko wa tairi ni mfuko mmoja: kinachotumiwa na breki usukani haukipati. Kwa hiyo kwenye mteremko fundi hupunguza mwendo magurudumu yakiwa bado yamenyooka, hushusha gia, huachia breki, ndipo anapokata kona. Mafuta huyarudisha taratibu gari likishaanza kunyooka. Mwenda pole hajikwai, lakini kwenye mpando mwenda pole hukwama. Huko mwendo hukusanywa mapema na kutunzwa hadi kileleni, bila kukanyaga kwa pupa.

Watasema magari ya leo, makubwa, yanayovuta kwa magurudumu manne na kusaidiwa na kompyuta, yameuondolea ufundi huu kazi. Ni kweli huondoka kwa urahisi pale gari dogo linapohangaika, na breki za kisasa zimeokoa wengi. Lakini kuondoka si kusimama. Magurudumu manne yakivuta hayafupishi safari ya breki, na uzito ukishaanza kuteremka ni mzigo. Kompyuta nayo hugawa mshiko uliopo. Haiwezi kuzaa usiokuwepo. Tangu Novemba 2021 sheria ya Ufaransa inadai tairi za baridi au minyororo katika maeneo mengi ya milima, nayo ni sheria njema. Hata hivyo inaagiza tairi. Haiwezi kuagiza mkono. Mkono hufunzwa na hofu kidogo na gari lisilosamehe pupa, na walimu hao wawili tumewafukuza wenyewe. Tumenunua nguvu tukaiita usalama, na kizazi kinachokua kitayapanda majabali hayo bila kujua kinakanyaga nini.