Gari ya sport ndani ya theluji: tuangalie na matairi



Mara hii sichambui kitabu. Nachambua video moja ya simu, haifiki hata dakika moja. Sababu ni kwamba katika mwezi mmoja ilipita mikononi mwetu kuliko kitabu chochote tulichosoma tangu tutoke chuoni, na kwetu nyumbani ilibakia kidogo iuzishe moto ya mzee.

Video iko hivi. Ndugu yetu mmoja, mtoto wa shangazi, yuko Canada, upande wa Québec. Amesimama karibu na gari ya sport nyekundu, ya milango miwili, ya chini kabisa. Theluji imejaa pande zote, nyeupe mpaka macho yanauma. Rumba inalia. Anaweka mkono juu ya boneti, anazungusha funguo kwa kidole, anafungua mlango, anakaa, anacheka. Kamera inapita polepole mbele ya gari. Basi, imeisha.

Mdogo wangu, mwenye kumaliza licence na bado anatafuta kazi, aliiangalia mpaka simu ikazimika. Kesho yake asubuhi akamwambia baba: "Papa, tuuze moto. Hiyo feza ianze safari yangu."

Moto hiyo njo ilinisomesha. Mzee alibeba nayo abiria, mchele na mafuta ya ngazi kwenye njia ya Kindu, na minerval yangu ilitoka pale. Kwa hiyo nilipoulizwa, "wewe msomi unasema nini?", sikuwa mtu wa pembeni. Nilianza kuzungumza juu ya visa, pasipoti, hatari za njia. Mdogo wangu hakunisikiliza hata kidogo. Mimi pia nilikuwa nimeiangalia video mara tano, na ndani ya roho nilijisikia mdogo.

Mzee akaomba simu. Akaangalia mara moja tu, akauliza: "Gari hii ilifika hapa namna gani?"

Tukarudilia kuangalia. Ni kweli. Mbele ya gari hakuna alama ya tairi, nyuma pia hakuna. Juu ya paa theluji imelala nene, haijaguswa. Kuko alama za viatu tu, zinatoka upande wa nyumba mpaka kwa mlango. Gari haitembei tangu mwanzo mpaka mwisho wa video. Tena kamera haishuki hata mara moja kwa magurudumu, yamezama ndani ya theluji. Mtu aliyepita miaka mingi kwenye matope anaangalia chini kwanza. Sisi wenye diplome tuliangalia rangi ya gari.

Pale njo nataka tukae kidogo, sababu hiyo ni kazi ya uchambuzi kabisa. Picha inasema kitu, na inanyamazia kitu kingine. Hii inasema: nimeshinda baridi, niko na gari. Inayonyamazia ni njia.

Tuanze na matairi. Gari ya sport mara nyingi inatoka kiwandani na matairi mapana ya wakati wa joto. Baridi ikishuka chini ya digrii 7 hivi, mpira wa matairi hayo unakuwa mgumu na haushiki tena njia vizuri, hata kama theluji haijaanguka. Tairi ya baridi inatengenezwa na mpira unaobaki laini, na uso wake una mikato mingi midogo ya kushika theluji. Kule Québec si mambo ya kupenda ao kukataa: sheria inalazimisha matairi ya baridi tangu tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Ni matairi manne, na unayalipa wewe mwenyewe.

Kisha umbo la gari. Uzuri wake ni kukaa chini, na upungufu wake ndani ya theluji ni huohuo. Kama tumbo la gari liko sentimita 12 toka ardhini na usiku theluji imeanguka sentimita 20, gari inalalia tumbo na magurudumu yanazunguka bure. Upana wa tairi, unaopendeza machoni, unaifanya ipande juu ya theluji laini pahali pa kuikata mpaka ifike chini. Injini yenye nguvu nayo, ukikanyaga kidogo tu, inazungusha magurudumu ya nyuma na mkia wa gari unaenda pembeni. Ongeza chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu: inakula chuma chini ya gari polepole. Njo maana wenye magari hayo wengi huyafungia ndani ya garaji wakati wote wa baridi, na kutembelea gari ya zamani isiyo na bei, ao bus.

Sisemi kama gari ya sport haiwezi theluji. Historia inakataa. Katika mashindano ya Monte Carlo, ambako njia za milimani zinakuwa na theluji na barafu, Porsche 911 ilishinda miaka 3 ya kufuatana: 1968, 1969 na 1970. Injini yake iko nyuma, kwa hiyo uzito unakandamiza magurudumu yaleyale yanayosukuma gari. Lakini kuko na dereva pia. Ushindi wa 1969 na wa 1970 ulikuwa wa Björn Waldegård, mtu wa Sweden. Na huyohuyo Waldegård alikuja Afrika Mashariki akashinda Safari Rally ya Kenya mara 4: 1977, 1984, 1986 na 1990, mashindano yaliyojulikana kwa vumbi na kwa matope ya mvua za Pasaka. Mtu mmoja, theluji ya Ulaya na matope ya Kenya. Mwaka 2022 safari ikageuka upande mwingine: kijana wa Kenya, McRae Kimathi, alienda kushindana ndani ya theluji ya Umeå, katika Rally ya Sweden.

Hapa njo kasoro kubwa ya video yetu inaonekana. Inasifu chuma na kuficha ujuzi. Ukiuliza dereva wa theluji anafanyaje, atakuambia: kanyaga polepole, usipige breki kwa nguvu, usikate usukani kwa haraka, ukianza kutoka pahali panapoteleza tumia gia ya pili pahali pa ya kwanza, acha nafasi kubwa mbele yako. Niambieni kama hayo si maneno ya motari wa Punia mwezi wa Novemba, akiwa na mama na mtoto nyuma, na gunia la mchele juu ya tanki. Mwenye kusukuma kinga yenye mizigo toka Kindu naye anajua pahali pa kuweka mguu ambapo mgeni angezama mpaka goti. Lakini nani alishamchukua video na rumba nyuma yake?

Sasa, haki kwa mtoto wa shangazi. Kumuita muongo ni kusoma vibaya. Sisi Wakongomani tuko na desturi ndefu ya picha na gari. Jean Depara alipiga picha za vijana wa Kinshasa enzi za miaka ya 1950 na 1960, wenye kupendeza, wengine wameegemea magari makubwa. Picha hizo zinaonyeshwa leo kama sanaa, na hakuna anayeuliza funguo zilikuwa za nani. Kusimama karibu na gari ni namna ya kusema: niko, sikupotea. Mtu anayeishi mbali na mama yake, ndani ya baridi inayogandisha pua, ana haki ya kusema hivyo.

Lakini picha za Depara zilibaki picha. Video hii inaingia ndani ya hesabu za nyumba. Inafika kwa simu ya mtu aliyemaliza masomo, asiye na kazi, na inamwambia kila usiku kwamba aliyekaa ameshindwa. Pale uzuri wake hautoshi, tunaweza kuidai kitu zaidi.

Na kitu hicho kinawezekana. Niliona video ingine, ya mama mmoja wa kwetu, kulekule Canada. Ni saa kumi na moja ya asubuhi, bado giza. Anakwangua barafu juu ya kioo cha gari ndogo ya zamani, mikono inatetemeka, anacheka na kulalamika pamoja. Injini inakataa mara mbili, sababu betri inapoteza nguvu katika baridi kali. Mara ya tatu inawaka, na anapiga kelele ya furaha sawa mtu aliyeona mtoto amezaliwa. Kisha gari inatembea, na tunaona alama mbili za matairi ndani ya theluji nyuma yake. Haina rumba, kamera inatikisika. Kwangu mimi njo kazi bora, kwa sababu ukimaliza kuiangalia unajua kitu juu ya maisha ya kule: saa, baridi, kazi, na furaha yake pia.

Mwishowe mdogo wangu alituma ujumbe wa sauti kwa mtoto wa shangazi na kumuuliza swali la mzee. Jibu lilikuja usiku, pamoja na kicheko: "Ni yangu, niliinunua ikiwa ya zamani. Ila tangu baridi ianze inalala palepale. Kazini naenda na bus. Wewe, nani amekuambia uangalie matairi?" Kisha wakazungumza muda mrefu, juu ya kazi ya usiku, bei ya nyumba, karatasi, na namna mwaka wa kwanza alilia. Siku ile nilisikia mara ya kwanza habari za kweli za ndugu yetu.

Moto haikuuzwa. Mdogo wangu bado anataka kusafiri, na simkatazi. Sasa anaandika maswali yake ndani ya kaye, na asubuhi anabeba abiria kwa zamu na mzee. Ombi langu ni kwenu mulio kule kwenye baridi: mukituma video nyingine, mushushe kamera kidogo. Mutuonyeshe njia.