Mhubiri Mwenye Bunduki na Wenyeji Wasio na Lugha

Kila likizo ndefu inapokaribia, baadhi ya wanafunzi wetu hutujia na barua za makanisa. Wamealikwa kwenda Juba pamoja na vikundi vya watu wa kujitolea kutoka ng'ambo, kwa majuma mawili au matatu, wapake rangi madarasa, wafundishe watoto nyimbo na wakalimani mahubiri. Wengine huombwa wawafundishe wageni hao "Kiswahili kidogo cha kutumia huko" kabla ya safari. Ombi hili la mwisho ndilo lililotufanya tuitazame upya filamu ya Machine Gun Preacher (2011), iliyoongozwa na Marc Forster kutokana na mswada wa Jason Keller. Tunaitazama kwa jicho la fani na maudhui kama tufanyavyo na riwaya, kwa sababu ni kazi ya sinema inayojulikana sana kuhusu safari za namna hii, na vijana kadhaa tuliozungumza nao waliiona kabla hawajaiona Juba.

Msuko wake si mgumu. Sam Childers, mtu wa kweli wa jimbo la Pennsylvania ambaye kitabu cha maisha yake, Another Man's War, kilitoka mwaka 2009, anatoka gerezani, anaacha dawa za kulevya, anaokoka na kuanzisha kazi ya ujenzi. Anakwenda Uganda kujitolea kujenga nyumba, anavuka mpaka kuingia Sudan, anamwona mtoto aliyeuawa na bomu la ardhini, na tangu hapo maisha yake yanageuka. Anajenga makao ya yatima, kisha anashika bunduki kupambana na jeshi la Joseph Kony. Makao yenyewe yako Nimule, mji wa mpakani ambao barabara yake ya kufika Juba, ya kilomita 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012.

Hatuna budi kuitendea haki kazi hii. Ina nguvu pale inapokuwa nyumbani kwake, yaani Pennsylvania. Gerard Butler anamchora Sam kama mtu asiyejua kupenda nusu nusu: akilewa hulewa kabisa, akiokoka huokoka kabisa. Michelle Monaghan, katika nafasi ya mkewe Lynn, anaonyesha vizuri gharama inayolipwa na wale wanaobaki. Tukio la Sam kuwaomba fedha matajiri na kuambulia kidogo ni la kweli kiasi cha kuumiza. Filamu haimfanyi mtakatifu, na kwa hilo tunaisifu. Filamu nyingi za aina yake hushindwa jaribio hilo dakika kumi za kwanza.

Udhaifu unaanza tunapovuka mpaka. Tukio lililokusudiwa kuwa kilele cha maudhui ni lile la mvulana William, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu, anapofungua kinywa kumsimulia Sam jinsi alivyolazimishwa kumuua mama yake, na kumwonya kwamba chuki ikimjaa mtu moyoni, adui ameshashinda. Ni maneno mazito. Lakini anayasema kwa Kiingereza. Mtoto wa kijijini wa Nimule na vitongoji vyake angekuwa na Kimadi, au Kiacholi, au Kidinka cha waliokimbia vita kutoka Bor, au Kiarabu cha Juba. Kungekuwa na mkalimani baina yake na Sam, na mkalimani huyo angelazimika kuyapitisha maneno hayo ya kutisha kinywani mwake mwenyewe. Tamthilia nzima ingeweza kukaa hapo! Mwandishi wa mswada amemwondoa mtu wa katikati ili mgeni na mtoto wakutane moja kwa moja, na kwa kumwondoa amefuta kazi ambayo wanafunzi wetu ndio huitwa kuifanya.

Huenda mtu akatuambia kwamba sinema ya Marekani lazima iuzwe kwa Wamarekani. Hilo tunalijua. Lakini mhusika Deng, askari wa SPLA na rafiki mkuu wa Sam, anaigizwa na Souleymane Sy Savané, mzaliwa wa Kodivaa, ilhali miaka mitatu baadaye filamu ya The Good Lie (2014), nayo ya Kimarekani, iliwapa nafasi Ger Duany na Emmanuel Jal, Wasudan Kusini waliopitia vita hivyo wenyewe wakiwa watoto. Kumbe iliwezekana.

Jambo la pili ni kanisa. Mtazamaji asiyejua historia atatoka akidhani kwamba Injili ilifika Sudan Kusini ndani ya gari la Sam. Gondokoro, karibu na Juba, ilikuwa na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1850, na wengi wao waliuawa na homa. Mwaka 1964 serikali ya Khartoum iliwafukuza wamisionari wa kigeni kutoka kusini, na tangu hapo kanisa likaendeshwa na wenyeji. Miaka ya vita ndiyo iliyozaa tenzi za Kidinka za Mary Aluel Garang. Mwaka 1999 makanisa ndiyo yaliyowakutanisha Wadinka na Wanuer huko Wunlit wakapatana. Askofu Paride Taban wa Torit, aliyefariki mwaka 2023, alianzisha kijiji cha amani huko Kuron mwaka 2005 bila kushika bunduki. Mhusika wa aina ya Taban angempa Sam mpinzani wa hoja anayestahili. Badala yake, anayempinga Sam ni daktari wa misaada, mgeni kama yeye, na mjadala wa wageni wawili unaendelea juu ya vichwa vya wenyeji.

Turudi kwenye lile ombi la Kiswahili kidogo. Kiswahili kipo Juba: utakisikia kwa wafanyabiashara wa Kenya na Uganda katika soko la Konyokonyo, na kwa vijana waliosomea kambini Kakuma. Tangu nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya walimu wake imekuwa ikizungumzwa. Hata hivyo, lugha inayowaunganisha watu wa mji ni Kiarabu cha Juba, ndugu wa damu wa Kinubi cha Kibera na Bombo. Huko mgeni mweupe huitwa kawaja, si mzungu, na mtu akikuomba moyo, anataka maji ya kunywa. Anayefika na "jambo" yake ya vitabu vya watalii ameonyesha tu kwamba kwake Afrika yote ni mbuga moja.

Inafaa kukumbuka kwamba mwezi Aprili 1928, miezi michache kabla ya mkutano wa Mombasa ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wamisionari na maofisa walikutana Rejaf, kusini kidogo ya Juba, wakateua lugha za kufundishia shule za kusini, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande. Siasa yao ilikuwa na mbio zake, hasa ya kukizuia Kiarabu na kuitenga kusini na kaskazini, na hatuwapambi. Ila mmisionari wa wakati ule alitarajiwa kukaa miaka na kutunga kamusi. Majuma mawili hayatoshi hata kujifunza kusalimia wazee vizuri.

Kwa hiyo vikundi vinavyotuletea ombi hilo tunavielekeza kwa wanafunzi Wasudan Kusini walio hapa chuoni, wavifundishe Kiarabu cha Juba, na walipwe kama mwalimu yeyote. Baadhi ya vikundi vimeona gharama hiyo ni kubwa, ingawa nauli za ndege hazikuonekana hivyo.

Walimu watakaoitumia filamu hii katika somo la uhakiki tunawashauri waanzie tukio la William. Wanafunzi waliandike upya wakimweka mkalimani kati, kisha waamue wenyewe neno "mama" litasemwa kwa lugha gani, na mkalimani atanyamaza wapi.