Mbio za Magari Katika Kioo: Uhakiki wa Mchezo wa Sega Rally Championship

Wasomaji wa taarifa hii wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunauelekeza uhakiki kwenye mchezo wa video, kwa sababu baadhi ya wanafunzi wetu wa Nakivale na Mbarara wanaujua vizuri kuliko vitabu vilivyomo kabatini, na mwalimu asiyekijua kinachowashughulisha wanafunzi wake hana haki ya kukilaumu.

Mchezo wenyewe ni Sega Rally Championship. Kampuni ya Sega ya Japani iliutoa mwaka 1994 kwa ajili ya kumbi za michezo ya mashine, chini ya usimamizi wa Tetsuya Mizuguchi, na mwishoni mwa 1995 ukahamishiwa kwenye mashine ya nyumbani iitwayo Saturn. Nakala hiyo ya nyumbani ndiyo iliyotufikia sisi: mashine kuukuu iliyofufuliwa na fundi mmoja wa Mbarara, ikapelekwa makazini Nakivale, ambako huendeshwa kwa umeme wa jua na wachezaji hulipa kwa zamu.

Kuhamisha mchezo kutoka ukumbini hadi nyumbani ni kazi ya tafsiri, na tuipime kama tunavyoipima tafsiri yoyote. Ukumbini mchezaji aliketi kwenye kiti, akashika usukani uliokaza na kuitikisa mikono yake, akakanyaga mafuta na breki kwa miguu. Kioo kilimpa picha 60 kila sekunde. Nyumbani ana vidole na vibonye tu, picha zimepungua hadi 30, na vilima vya mbali huchomoza ghafla kana kwamba vilikuwa vimejificha. Mfasiri amepoteza mengi. Hata hivyo hakupoteza roho ya kazi, na roho hiyo, kwa maoni yetu, ni udongo. Katika mchezo huu gari likiwa juu ya lami hushika njia. Likiingia kwenye changarawe huteleza kwa ubavu. Likikanyaga matope huvutwa na kulegea. Michezo mingi ya magari iliyoutangulia ilifanya barabara zote kuwa sawa, rangi tu ndiyo iliyobadilika. Mtoto aliyepanda bodaboda kutoka Isingiro wakati wa mvua hahitaji kufundishwa jambo hili. Hulitambua mara moja, hucheka, kisha hupunguza mwendo. Mfasiri aliyejua ni kitu gani asikiache nyuma amefanya kazi ya heshima, hata kama chombo chake kilikuwa duni.

Tukitoka kwenye fani na kuingia katika maudhui, ndipo ugomvi wetu unapoanza. Njia ya kwanza, iitwayo Jangwa, imejengwa kwa sura ya nchi zetu: vumbi jekundu, tembo, pundamilia. Ni dhahiri kwamba waundaji waliyafikiria mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari waliyoyachagua yana haki ya kuwapo humo. Toyota Celica ilishinda Safari mara nyingi, na mwaka 1994, mwaka uleule wa mchezo, ilishinda ikiendeshwa na Ian Duncan wa Kenya. Lancia Delta nayo ilishinda mwaka 1988, 1989 na 1991. Kichekesho ni gari la tatu, Lancia Stratos, lililofichwa kama tuzo ya mchezaji hodari: gari hilo halikushinda Safari hata mara moja.

Lakini Safari iko wapi? Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Mito ilifurika, ng'ombe walivuka, watu walisimama kando ya njia na mara nyingine ndio walioyasukuma magari kutoka matopeni. Katika Jangwa la Sega wapinzani ni saa na magari mengine tu. Tembo wamo, mchungaji, mwanamke mwenye dumu la maji na kijana mwenye baiskeli ya mkungu wa ndizi hawamo. Barabara ya kutoka Mbarara kwenda Nakivale haikosi watu hao saa yoyote ya mchana. Nchi yetu imechorwa kama bustani ya wanyama iliyohamwa na wenyewe.

Tulipowaeleza wanafunzi hoja hii, kijana mmoja aliyetoka Kivu alitujibu kwa utulivu kwamba yeye aliipenda barabara ile kwa sababu hiyohiyo: haina kizuizi, wala mtu wa kumwuliza karatasi. Jibu hilo hatujalipatia hoja ya kulipinga. Tulimsimulia tu habari za Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akakimbilia Kenya mwaka 1972, akashinda Safari mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kijana aliuliza kama Mehta naye alipewa kadi ya mgao.

Limebaki suala la lugha, ambalo ni letu hasa. Mwelekezi wa mchezo husema Kiingereza, akitaja kona kabla haijafika. Tuliwataka wanafunzi wamsemee kwa Kiswahili, sauti ya mashine ikiwa imezimwa. "Kona nyepesi upande wa kulia" ni Kiswahili safi, ila ikimalizika kutamkwa gari limekwisha kugonga ukingo. Wakaikata: "Kulia, pole!" Wakongomani walisema "Kuume, pole!", na wenzao wa Mbarara, ambao nyumbani husema Kinyankole, wakawacheka. Hapana budi tuwaambie wote kwamba kuume ni neno la Kiswahili kongwe, halikuokotwa njiani. Kiswahili kilitajwa katika katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini katika darasa la Nakivale kilikuwamo tayari, kimeletwa kwa miguu na watoto hawa.

Neno lililowashinda wote ni "labda", ambalo mwelekezi huliongeza mwishoni mwa baadhi ya maagizo yake. Nusu ya darasa walisema ni hadhari. Nusu nyingine walisema mwelekezi mwenye shaka ateremshwe garini.

Njia ya nne, ya kando ya ziwa, hufunguka kwa yule tu aliyeongoza mwishoni mwa zile tatu, ilhali kila mchezaji huanzia nafasi ya kumi na tano. Ni nyembamba, yenye kona za ghafla, na ndiyo bora kuliko zote kwa ufundi. Wanafunzi wawili wamekwisha kuifikia; hakuna aliyeishinda.