Kuikimbia Bishara: David Grossman na Kilio cha Vita

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kama zinagombana. Moja inasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ya pili inasema nyani haoni kundule. Ya kwanza inampa mwenye nyumba haki ya kusema; ya pili inamtahadharisha kwamba yaliyo karibu naye mno ndiyo asiyoyaona. Mhakiki anayetaka kuyapima maandishi ya Mwisraeli juu ya vita vya nchi yake hana budi kuzishika zote mbili. Akiiacha ya kwanza, atahukumu asichokijua. Akiiacha ya pili, atayapokea machozi yote kuwa ushahidi.

Makala haya yanamhusu David Grossman, mwandishi wa Kiebrania aliyezaliwa Jerusalem mwaka 1954. Nayaandika nikijua kuwa wasomaji wengi wa kurasa hizi, kama mimi, nyoyo zao ziko na Wapalestina. Nilipoipeleka riwaya yake barazani, rafiki yangu mmoja, mshairi ninayemheshimu, aliirudisha bila kuifungua. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyefiwa na mwanawe askari ana taifa zima la kumlilia, ilhali mama wa Gaza hakuachiwa hata nafasi ya kuzika. Siku ile sikuwa na la kumjibu. Haya ndiyo majibu yangu, na najua hayatamridhisha kwa yote.

Hebu tuanze na tarehe, kwani katika habari hii tarehe zina uzito wake. Vita vya Israeli na Hizbullah vilianza tarehe 12 Julai 2006. Awali Grossman hakuvipinga. Aliona nchi yake ina haki ya kujilinda. Tarehe 10 Agosti, serikali ilipokuwa imekwisha amua kuyapanua mapigano ya nchi kavu, yeye na waandishi wenzake wawili, Amos Oz na A. B. Yehoshua, waliwaita wanahabari na kuitaka serikali hiyo ikubali kusimamisha vita. Siku mbili baadaye kombora lilikipiga kifaru kusini mwa Lebanon, na mwanawe Uri, kijana wa miaka 20, akauawa. Tarehe 14 mapigano yakasimamishwa. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamekufa Lebanon, na Waisraeli wapatao 160.

Wakati huo Grossman alikuwa na riwaya mkononi, aliyoianza mwaka 2003. Mwishoni mwa kitabu ameeleza kwamba alikuwa na hisia, au tuseme tumaini, kuwa kazi hiyo ingemkinga mwanawe. Haikumkinga. Baada ya siku saba za maombolezo ya Kiyahudi aliirudia, akaimaliza, na ikatoka mwaka 2008. Tafsiri ya Kiingereza, To the End of the Land, ilifuata mwaka 2010.

Jina la Kiebrania lina maana nyingine: mwanamke anayeikimbia habari. Neno lililotumika kwa habari hiyo ni bsora, na msomaji wa pwani hatalipita hivi hivi. Ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa bishara na kubashiri. Kwetu bishara huelekea kwenye heri. Hata katika Kiebrania asili yake ni habari njema. Lakini katika nchi ambayo maofisa wa jeshi huja mlangoni kumwarifu mzazi kuwa mwanawe ameuawa, neno hilo limebeba pia habari ya mauti. Vita vimeingia kamusini.

Ora, mama wa riwaya hii, analijua hilo. Mwanawe Ofer amemaliza utumishi wa jeshi, kisha akajitolea kwenda katika operesheni mpya. Ora anaihama nyumba. Hoja yake ni ya kitoto, na ndiyo maana inachoma: habari ya kifo inahitaji mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji asipopatikana huenda kifo chenyewe kisitimie. Anatembea kwa miguu katika vilima vya Galilaya pamoja na Avram, mpenzi wake wa zamani aliyetekwa na kuteswa na Wamisri katika vita vya 1973. Avram ndiye baba mzazi wa Ofer, na hajapata kumtia machoni. Njia nzima Ora anamsimulia mtoto huyo: alivyozaliwa, alivyoanza kutembea, alivyoanza kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sijui riwaya nyingi zilizoijaza methali hiyo kwa subira kama hii.

Wala kungoja habari ya namna hiyo si jambo la ugenini kwetu. Tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas walipovuka mpaka, watu wapatao 1,200 waliuawa na 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Familia moja ilithibitishiwa kifo mwezi Novemba mwaka huo, nyingine Desemba. Na hiyo ya pili ilingoja mpaka Novemba 2025 ndipo maiti ya kijana wao iliporudishwa kutoka Gaza. Wazazi hao hawakuwa na bendera katika vita vile.

Sasa tuigeukie methali ya pili. Mwanzoni mwa riwaya, Ora anamwita Sami, dereva Mwarabu anayeihudumia familia yake kwa miaka mingi, awapeleke yeye na Ofer mahali wanapokusanyika askari. Hakufikiri. Wakiwa njiani ndipo anapotambua alilolifanya: amemtaka Mwarabu amsafirishe kijana anayekwenda kupigana na Waarabu, na Sami hana uwezo wa kukataa. Kimya cha ndani ya gari lile ni usanii wa hali ya juu. Mwandishi hamtetei Ora; anamwacha aone haya, na msomaji anaona haya pamoja naye. Baadaye tunasimuliwa kisa cha mzee wa Kipalestina aliyefungiwa katika chumba cha baridi cha nyama mjini Hebron na kusahauliwa na kikosi cha Ofer. Ora anashindwa kunyamaza juu ya mzee huyo, na kutonyamaza kwake kunaivunja nyumba yake.

Hapa ndipo ninapomsifu Grossman, na hapa hapa ndipo ninapomlaumu. Sami na mzee wa Hebron wameingia katika riwaya kama mizani ya kupimia dhamiri ya Ora. Tunawajua kwa aibu yake na hofu yake. Kisha njia inaingia vilimani, na wao wanabaki nyuma. Hakuna mama wa Kipalestina aliyepewa njia yake ya kuikimbilia mbali bishara. Na lau angepewa, angekimbilia wapi? Huko Gaza habari ya mauti haipigi hodi mlangoni. Jeshi lilibuni hata desturi ya kuangusha kombora dogo juu ya paa ili wakaazi watoke kabla ya kombora kubwa, na desturi hiyo ikaitwa kugonga paa, kana kwamba ni adabu ya mgeni. Ajabu ni kwamba aliyetufundisha kuyashuku maneno ya namna hii ni Grossman mwenyewe. Katika mhadhara alioutoa New York mwaka 2007 alieleza jinsi lugha inavyosinyaa mahali penye vita virefu, mpaka watu wakabaki na misamiati ya jeshi na kaulimbiu.

Kazi ya pili, Falling Out of Time, iliyotoka kwa Kiebrania mwaka 2011, itawavutia zaidi wapenzi wa ushairi. Ni tanzia iliyochanganya shairi, mchezo na hadithi. Baba aliyefiwa anaondoka mezani na kuanza kuuzunguka mji, na wafiwa wengine wanamfuata: fundi viatu, mkunga, mwalimu wa hesabu, hata mtawala wao. Mishororo haina vina wala mizani, na wanamapokeo wetu wataguna. Lakini mwendo ule wa mzunguko unafanya kazi ya kibwagizo. Hakuna taifa, hakuna adui, hata vita havitajwi. Kwa upande mmoja huo ni ushindi, kwa kuwa mfiwa yeyote anaweza kuingia katika msafara ule. Kwa upande wa pili, swali la nani aliwaua watoto hawa na kwa amri ya nani limeachwa nje ya mji.

Tumeona yalivyo maandishi. Tuangalie alivyopokewa nje. Hotuba aliyoisoma mazikoni mwa mwanawe ilitafsiriwa na kuchapishwa katika magazeti ya ughaibuni. Tarehe 30 Julai ya vita hivyo hivyo, watu 28 waliuawa kwa shambulio la ndege katika kijiji cha Qana, wengi wao watoto. Uri tunamjua kwa jina, kwa mzaha wake na upole wake. Watoto wa Qana, kwa wasomaji wengi, wamebaki tarakimu. Kosa hilo si la baba anayelia. Ni la wanaochagua kilio cha kuchapisha. Wengine nao walichagua kutosikia kabisa: Israeli ilipoalikwa kuwa mgeni wa heshima katika maonyesho ya vitabu ya Paris mwaka 2008, nchi kadhaa za Kiarabu ziliyasusia, na hata mshairi Mwisraeli Aharon Shabtai alikataa kuhudhuria. Nauelewa msimamo wa kususia hafla ya dola. Kumsusia msomaji kitabu ni jambo jingine, kwa sababu asiyekisoma hawezi hata kukilaumu ipasavyo.

Agosti 2025 Grossman aliliambia gazeti la La Repubblica la Italia kwamba kwa miaka mingi alilikataa neno moja, na kwamba sasa, kwa moyo uliovunjika, hawezi tena kujizuia kulitamka juu ya yanayotendwa na nchi yake Gaza: mauaji ya kimbari. Hesabu ya wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imekwisha pita watu 60,000. Rafiki yangu atasema amechelewa, na mimi sitabishana naye. Ila nitamwomba akumbuke kwamba neno hilo limetoka kinywani mwa mtu aliyelalia kitanda hicho, na ambaye mwanawe alikufa akiwa amevaa sare za jeshi hilo. Walio ndani waliokwisha ziba masikio kwa kila sauti ya nje watapata taabu kulisema hili kuwa ni fitina ya maadui.

Nimeamua kuipeleka tena riwaya barazani, safari hii ikiwa na mwenziwe. Galilaya ambamo Ora anatembea ndimo alimozaliwa Mahmoud Darwish mwaka 1941, katika kijiji cha al-Birwa, ambacho tangu vita vya 1948 hakipo tena. Darwish ameandika kitabu kizima juu ya siku moja ya Agosti 1982, Beirut ikiwa imezingirwa na jeshi la Israeli. Nashauri visomwe viwili hivyo kwa zamu, sura kwa sura. Njia ya Ora itaonekana ndefu zaidi, na yaliyofukiwa chini yake yataanza kuonekana.