Amana ya Kumbukumbu

Kwa nini safu katika lugha ya C huanza kuhesabiwa kwa sifuri? Nililikariri jambo hilo kwa miezi bila kulielewa, hadi siku nilipochora visanduku kwenye karatasi. Safu ya namba kamili, kila moja ikichukua baiti 4, ikianzia anwani 1000 ya kumbukumbu ya kompyuta: namba ya pili iko 1004, ya tatu 1008. Kumbe ile sifuri haisemi kitu ni cha ngapi. Husema kiko hatua ngapi kutoka mlangoni. Cha kwanza kiko mlangoni penyewe.

Hapo kielekezi nacho kikanifungukia. Kielekezi hakibebi kitu, hubeba anwani ya kitu. Ukimpa mwenzako kielekezi hujampa nakala, umemwonyesha nyumba. Akihamisha kiti, kiti chako ndicho kilichohama.

Dennis Ritchie, aliyeiunda C katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alimwachia mwandishi wa programu uhuru wote wa kuzigusa anwani hizo. Lugha yenyewe haikagui mpaka wa safu. Novemba 1988, mnyoo wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe, ulienea kwenye intaneti, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kuuvuka mpaka huo: kupeleka baiti 536 mahali palipotengewa 512. Zilizozidi zikamwagikia kwa jirani na kuipotosha mashine.

Kuomba kumbukumbu kwa malloc ni kukopa, na wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Usiporudisha kwa free, programu hunenepa hadi ikaielemea mashine. Ukirudisha kisha ukaendelea kuitumia anwani ile ile, unaingia nyumba uliyokwisha kuihama, na pengine ina mpangaji mwingine.

Tangu Lisp ya John McCarthy, lugha nyingi hukusanya zenyewe mabaki ya kumbukumbu isiyotumika tena. Lugha ya Rust nayo humbana mwandishi kuhusu umiliki wa kumbukumbu kabla programu haijaanza kazi. Nazishukuru zote. Lakini katika kila lugha swali ni lile lile: hiki ni cha nani, na nani atakirudisha? Jibu lake mimi huliandika kwa maneno juu ya kila malloc. Nikishindwa kuliandika, najua bado sijaielewa kazi yangu. Basi naiacha kibodi, naichukua kalamu, nachora visanduku upya.