Makombe Yanayorudi Majini

Karibu na mji wa Cambridge, jimbo la Maryland nchini Marekani, kuna vilima vya makombe ya chaza vilivyoachwa nje juani na mvuani. Mengi yametoka mikahawani, watu wakishakula. Yatakaa hapo si chini ya mwaka mmoja, mpaka mabaki ya nyama yaoze na kwisha kabisa. Hakuna anayeyaharakisha. Ukitaka kuujua ufundi wa watu wanaorudisha chaza katika Ghuba ya Chesapeake, anzia kwenye kungoja huko.

Chaza wa ghuba hiyo wamebaki sehemu ndogo sana ya walivyokuwa zamani. Karne ya 19 majahazi yaliwakwangua kwa nyavu za chuma, yakabeba na miamba waliyoijenga wenyewe kizazi juu ya kizazi. Karne ya 20 yakaja maradhi ya Dermo na MSX. Hasara kubwa, kwa maoni yangu, ni ile miamba. Kinda wa chaza hutaka kitu kigumu cha kujishikiza. Kwetu hujipatia mawe na mizizi ya mikoko bila msaada wa mtu. Chesapeake, palipokwanguliwa pamebaki tope, na akitua topeni hufa.

Ndiyo maana maabara ya Horn Point, iliyo chini ya Kituo cha Sayansi ya Mazingira cha Chuo Kikuu cha Maryland, ina kituo cha kutotolesha chaza. Wazazi hulishwa na kupashwa joto wiki kadhaa, kisha hulazwa kwenye meza yenye maji ya kina kifupi. Kwa nje dume na jike hawatofautiani hata kidogo. Fundi husimama akitazama. Dume hutoa mkondo mwembamba mweupe usiokatika. Jike hupigapiga kombe lake na kurusha mayai kwa mafungu. Anayejitambulisha huondolewa haraka na kuwekwa chombo chake, ili mbegu na mayai vichanganywe kwa kipimo.

Baada ya hapo ni wiki mbili au tatu za kulea viluwiluwi wasioonekana vizuri bila hadubini. Chakula chao ni mwani mdogo mno, nao hukuzwa papo hapo, kwa hiyo mafundi hawa ni wakulima pia. Viluwiluwi huchekechwa mara kwa mara kutenganisha waliokua na waliodumaa. Siku wanapoota doa jeusi la jicho na kijiguu cha kutambalia, wamekuwa tayari. Hukusanywa kwenye kitambaa chenye unyevu: donge la ukubwa wa ndimu hubeba mamilioni yao.

Donge hilo huyeyushwa katika matangi yaliyojazwa yale makombe makavu ya mwaka jana, sasa yameoshwa. Hapa fundi huwaachia wenyewe. Kiluwiluwi hutambaa juu ya kombe, hupapasa, huondoka, hujaribu jingine, na harufu ya chaza waliotangulia humvuta. Akiridhika hujigandisha kwa saruji anayoitoa mwilini, naye hatahama tena maisha yake yote. Inachukua siku mbili tatu hivi. Kisha makombe hupakiwa kwenye boti na kumwagwa mahali palipopimwa mapema, sakafu ikiwa ngumu vya kutosha.

Urefu wa mwamba nao una hesabu yake. Katika mto Great Wicomico, Virginia, miamba ilijengwa mwaka 2004, mingine mirefu, mingine mifupi. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa ile mirefu ilibeba chaza wengi zaidi mara nne hivi, kwa sababu tope halikuwafikia kwa urahisi. Chaza mmoja mzima, hali ikiwa nzuri, huweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku, na katika nyufa za mwamba kaa na samaki wadogo hupata maficho.

Katika kijito cha Harris Creek, Maryland, ekari 350 za miamba zilikamilishwa mwaka 2015 kwa zaidi ya makinda bilioni 2. Wengi wao hufa kabla ya kukomaa, na mafundi wanalijua hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo hawajisifu siku ya kumwaga. Wapimaji hurudi mwaka wa tatu, na tena mwaka wa sita, kuhesabu chaza kwa kila mita ya mraba. Shabaha ni 50, na 15 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika.